C. M. G. Argwings-Kodhek: Wakili Aliyetufungulia Mlango

Mwaka huu sikuleta hadithi ya sungura na fisi. Nataka kuwasimulia maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki wengi wa wazazi wetu wakiwa bado hawajazaliwa.

Sababu ya kumchagua ni hii. Tukiulizwa darasani tunataka kuwa nani, wengi husema daktari, wengine rubani. Mimi nikisema nataka kuwa notari, wenzangu hucheka na kuuliza, kwani hiyo ni kazi gani tena? Notari ni wakili aliyepewa na Jaji Mkuu uwezo wa kushuhudia sahihi za watu na kuthibitisha hati kwa muhuri wake, hasa zile hati zinazopelekwa nchi za nje. Si kazi ya kuamka asubuhi ukachongesha muhuri. Sheria ya Kenya yataka kwanza uwe wakili, tena uwe umehudumu kwa muda usiopungua miaka 5, ndipo uombe. Hapa kwetu Muthetheni watu wameuzoea muhuri wa chifu. Lakini mzee akipoteza hati ya shamba lake, barua ya chifu peke yake haitoshi. Sharti ale kiapo mbele ya mtu anayetambuliwa na sheria, na mara nyingi safari hiyo humfikisha Machakos mjini kwa mawakili.

Basi nikajiuliza, ni Mwafrika gani wa Kenya aliyekuwa wa kwanza kuingia katika kazi hii ya uwakili? Jibu ni Argwings-Kodhek.

Alizaliwa mwaka wa 1923 huko Gem, katika Nyanza. Alisoma hadi Makerere, Uganda, akawa mwalimu. Mwaka wa 1947 alipata nafasi ya kwenda Uingereza kusoma mambo ya jamii. Ni vizuri tuelewe kwamba serikali ya wakoloni haikupenda Waafrika wa Kenya wasomee sheria. Tena hapa Afrika Mashariki hapakuwa na chuo kikuu cha kufundisha sheria. Kitivo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka wa 1961, na kile cha Nairobi mwaka wa 1970. Lakini Kodhek alipofika ng'ambo hakukubali kuchaguliwa njia. Aliingia katika masomo ya sheria, na mwaka wa 1951 akahitimu uwakili huko London.

Alirudi nyumbani akiwa na cheti sawasawa na cha Mzungu yeyote. Je, alipokewaje? Katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu aliahidiwa kazi, lakini kwa mshahara mdogo kuliko wa Mzungu mwenye cheo hicho hicho. Kodhek aliikataa kazi hiyo. Kuna watu watakaosema alikuwa na kiburi au tamaa ya pesa. Mimi sioni hivyo. Kama sahihi ya Mwafrika inalipwa nusunusu, basi hata neno lake mahakamani litahesabiwa nusunusu. Isitoshe, mkewe, Mavis Tate, alikuwa Mzungu, na Nairobi ya siku hizo ilikuwa imegawanywa kwa rangi. Hata mahali pa mume na mke kukaa pamoja palikuwa shida.

Kodhek akafungua ofisi yake mwenyewe. Hapo ndipo moto ulipowaka, kwa maana tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari. Kule Kapenguria viongozi 6, akiwemo Paul Ngei wa hapa Machakos, walitetewa na mawakili walioongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza. Lakini wale wakulima na vibarua wasiojulikana, walioshtakiwa kuwa Mau Mau, wangetetewa na nani? Mtu aliweza kunyongwa kwa kupatikana na risasi tu. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika miaka hiyo. Kodhek alikuwa miongoni mwa mawakili wachache waliosimama na watu hao, hata akaitwa wakili wa Mau Mau. Kusema kweli, kazi hiyo ilitaka moyo.

Vyama vya siasa viliporuhusiwa tena mwaka wa 1955, alianzisha chama. Alitaka kiwe cha Kenya nzima, lakini serikali ilikataa, kikabaki kuwa cha wilaya ya Nairobi tu. Katika uchaguzi wa mwaka wa 1957 alishindwa na Tom Mboya kwa kura chache. Hata hivyo hakukata tamaa. Baada ya uhuru alikuwa mbunge wa Gem, kisha waziri. Alifariki tarehe 29 Januari 1969 katika ajali ya gari jijini Nairobi, akiwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Barabara moja kubwa mtaani Hurlingham ina jina lake mpaka leo.

Wenzangu, siku hizi mlango uko wazi. Ukipita mtihani utasoma sheria chuo kikuu, halafu Kenya School of Law, ujifunze kazi chini ya wakili mzoefu, uapishwe, ndipo uhesabu ile miaka 5 ya notari. Enyewe si mchezo, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Lakini tukifika huko tusisahau jambo moja. Wakili akigonga muhuri kwenye karatasi ambayo hakumwona mwenyewe akiitia sahihi, mjane anaweza kuamka akute shamba lake limeuzwa. Muhuri wenyewe ni chuma tu, na nguvu yake ni uaminifu wa anayeushika. Kodhek alikataa kuuza sahihi yake kwa bei ya chini. Nasi tusije tukaiuza ya kwetu kwa kitu kidogo.