Xuanzang, mtawa aliyekwenda India kuuliza akili ni kitu gani

Wenye watoto nyumbani huenda wamemwona bila kumjua. Ni yule mtawa wa kwenye katuni na filamu za Kichina, amepanda farasi mweupe, anaongozwa na kima mwenye fimbo ya ajabu, na kila akikutana na jini huishiwa nguvu na kulia. Kima huyo ametoka kwenye riwaya ya karne ya 16. Mtawa ametoka kwenye historia. Anaitwa Xuanzang, na kama kuna mtu aliyedhulumiwa na riwaya basi ni yeye, kwa maana hakuwa mwoga hata kidogo, wala hakwenda India kutafuta miujiza. Alikwenda na swali.

Alizaliwa mwaka 602 karibu na mji wa Luoyang, katika ukoo wa Chen, kitinda mimba kati ya ndugu wanne wa kiume. Kaka yake mmoja alikuwa mtawa wa Kibuddha, naye ndiye aliyemwingiza kwenye maisha ya hekalu angali mdogo, kama miaka 13 hivi. Nyakati zile dola ya Sui ilikuwa inaporomoka. Ilipoanguka mwaka 618, Luoyang ilikuwa imejaa njaa na waasi, ndugu hao wawili wakakimbilia Chang'an, kisha Chengdu kusini-magharibi, ambako angalau chakula kilipatikana. Huko alipewa utawa kamili mwaka 622, akiwa na miaka 20.

Mafundisho ya Buddha huanzia kwenye dhiki, na kijana aliyeiona Luoyang ikifa hakuhitaji kuhubiriwa kwamba dhiki ipo. Kuzaliwa, kuugua, kuzeeka, kufa, kutengana na umpendaye, kukosa unachokitaka: yote hayo ni dhiki. Chanzo chake, kwa mujibu wa Wabuddha, ni kiu isiyoisha ndani ya mtu na ujinga wake kuhusu nafsi yake mwenyewe. Na kwa kuwa ina chanzo, inaweza kukoma. Hapo hakuna aliyebishana. Ugomvi ulikuwa hatua moja mbele. Ikiwa kinachong'ang'ania ni akili, na kinachozinduka ni akili hiyo hiyo, basi akili yenyewe ni kitu gani? Je, asili yake ni safi, mfano wa kioo kilichoingia vumbi tu, au uchafu umo tangu mwanzo na lazima ung'olewe na mizizi yake? Walimu wa China walikuwa wamegawanyika, na kila mmoja alikuwa na kitabu cha kumuunga mkono.

Xuanzang alizunguka miji akiwasikiliza wote. Mwisho akaona kwamba tatizo lilikuwa kwenye tafsiri, nyingine zimekatwa, nyingine zimepindwa. Kulikuwa na kitabu kikubwa kiitwacho Yogacarabhumi kilichotarajiwa kumaliza mjadala, lakini China ilikuwa na vipande vyake tu. Kitabu kizima kilikuwa India.

Aliomba ruhusa ya kusafiri, akanyimwa. Mfalme Taizong wa dola mpya ya Tang alikuwa amefunga mipaka kwa sababu ya Waturuki. Wenzake waliotaka kwenda naye wakakata tamaa. Yeye, mnamo mwaka 629, akatoka kwa siri, akisafiri usiku na kujificha mchana. Tusilipitie jambo hili haraka, kwa sababu vitabu vingi vya sifa hulifunika: mtawa huyu mtakatifu alivunja sheria ya nchi, akijua.

Mpakani alimpata kijana mmoja wa kumwonyesha njia. Usiku wa kwanza, wamelala, kijana akainuka na kisu mkononi, akamnyemelea, kisha akasita na kurudi mahali pake. Asubuhi akasema hawezi kuendelea, na Xuanzang akamwacha aende zake. Kwenye mnara wa kwanza wa walinzi alirushiwa mishale. Bahati yake mkuu wa mnara alikuwa muumini, akampa chakula na kumwelekeza. Mbele yake ikabaki jangwa la takriban kilomita 400, yeye na farasi mmoja mzee mwekundu ambaye alisifiwa kwamba ameshaivuka njia ile mara nyingi.

Humo jangwani ndimo kiriba cha maji kilipomponyoka, yote yakamwagika mchangani. Alikuwa ameapa kutorudi nyuma hata hatua moja kabla ya kufika India. Aligeuza farasi akarudi kidogo, akakumbuka kiapo, akageuza tena kuelekea magharibi. Siku tano na usiku nne hakuna tone lililopita kooni mwake. Aliona majeshi ya mashetani yakitokea na kutoweka, naye akawa akisoma maneno ya Sutra ya Moyo, maandiko mafupi aliyofundishwa Chengdu na mgonjwa mmoja mwenye vidonda na nguo chakavu ambaye yeye alimhurumia na kumlisha. Sutra hiyo inasema kwamba vitu vyote, na hata mateso yenyewe, ni vitupu, havina kiini kinachojitegemea. Kuisoma darasani ni jambo moja. Kuisoma huku ulimi umegandamana na kaakaa ni jambo jingine. Usiku wa tano upepo wa baridi ulivuma, farasi mzee akashika njia yake mwenyewe, akakataa kugeuzwa, akamfikisha kwenye majani na maji.

Huko Turfan, mfalme Qu Wentai alimpenda hadi akakataa kumwachia. Xuanzang akagoma kula siku tatu. Mfalme akasalimu amri, akampa farasi 30 na barua 24 za utambulisho kwa watawala wa njiani, kwa sharti kwamba akirudi atakaa naye miaka mitatu. Kutoka hapo msafara ulivuka milima ya barafu ambako watu wengi waliganda na kufa, ukapita Samarkand, ukafika Bamiyan mwaka 630 hivi. Aliziona zile sanamu mbili kubwa za Buddha zilizochongwa mwambani, akaziandika. Ndizo zile zilizolipuliwa mwaka 2001.

Alipofika Bodh Gaya, chini ya mti ambapo Buddha alizinduka, alianguka kifudifudi akalia. Huzuni yake ilikuwa kwamba hajui alikuwa wapi na katika maisha gani ya giza siku ile kubwa ilipotokea, hata akaja kuzaliwa amechelewa zaidi ya miaka elfu.

Chuo cha Nalanda, katika jimbo la leo la Bihar, kilikuwa na maelfu ya watawa. Mkuu wake alikuwa mzee Silabhadra. Wasifu ulioandikwa na wanafunzi wa Xuanzang unasimulia kwamba mzee huyo aliteswa na maumivu ya viungo zaidi ya miaka 20, na miaka mitatu kabla ya mgeni kufika yalizidi hadi akaamua kujinyima chakula afe. Usiku akaota watu watatu wenye nuru. Wakamwambia kwamba katika maisha ya zamani alikuwa mfalme aliyewatesa viumbe, kwamba kujiua hakutamaliza deni hilo, na kwamba avumilie afundishe, kwa sababu yuko mtawa wa China anayekuja kujifunza kwake. Xuanzang alipofika aliulizwa amekaa njiani muda gani. Miaka mitatu. Uiamini ndoto ile au usiiamini, mimi huona jambo moja ndani yake: wazee hawa waliofundisha kwamba mateso yana mwisho hawakujifanya kwamba wao hawaumwi.

Silabhadra alimfundisha Yogacarabhumi kwa miezi 15. Na jibu la swali? Kwa ufupi, ni hivi. Mtu ana fahamu tano za macho, masikio, pua, ulimi na mwili, na ya sita ya fikra. Chini yake iko ya saba, ambayo kazi yake ni kusema mimi, mimi, mimi, usiku na mchana. Na chini kabisa iko ya nane, inayofananishwa na ghala. Kila tendo, neno na wazo huacha mbegu ghalani, mbegu hukomaa, na ulimwengu tunaouona ni mavuno yake. Ile fahamu ya saba huitazama ghala, ikadhani kwamba ni nafsi ya kudumu, na hapo ndipo dhiki inapoota. Kuzinduka ni ghala lenyewe kugeuzwa kutoka msingini, mpaka kusiwe na cha kung'ang'ania wala cha kung'ang'aniwa.

Ni mafundisho magumu, na yana upande mchungu. Shule hii ilishikilia kwamba wako viumbe wasio na mbegu ya kuzinduka kabisa, hata wangekaa milele. Wachina wengi, waliozoea kusikia kwamba kila kiumbe kinaweza kuwa Buddha, hawakulikubali, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya shule ya Xuanzang isidumu sana kwao.

Kabla ya kurudi, mfalme Harsha alimwandalia mdahalo mkubwa Kannauj. Siku 18 zikapita bila mtu wa kumpinga. Wafuasi wake huitaja kama ushindi. Husahau kukazia kwamba mfalme alikuwa ametangaza adhabu ya kukatwa ulimi kwa atakayemkashifu mgeni wake.

Alirejea kwa njia ya nchi kavu ili atimize ahadi ya Turfan. Njiani akapata habari kwamba Qu Wentai amekufa na ufalme wake umemezwa na Tang mwaka 640. Kwenye mto Indus mashua iliyumba, vitabu kadhaa vikazama. Hata hivyo mwaka 645 aliingia Chang'an na maandiko 657, yamebebwa na farasi 20, na barabara zikajaa watu. Taizong, ambaye sheria yake ilivunjwa, alimpokea vizuri, akamtaka aache utawa awe waziri. Alikataa. Mfalme alitaka zaidi habari za nchi za magharibi, basi mwaka 646 ikatoka taarifa ya safari, iliyoandikwa kwa mkono wa mwanafunzi wake Bianji. Maskini Bianji hakuzeeka: alihusishwa na binti mfalme Gaoyang, akauawa kwa amri ya Taizong.

Miaka 19 iliyobaki Xuanzang alikuwa mtu wa meza. Alijiwekea kiasi cha kutafsiri kila siku, na mchana ukimponyoka kwa wageni, alifidia usiku. Alimaliza vitabu 75, vyenye juzuu ndogo 1,335. Kimoja peke yake, cha Ukamilifu wa Hekima, kilikuwa na juzuu 600. Wanafunzi walimsihi akifupishe, kina marudio mengi mno. Alipokubali, akaota ndoto za kutisha, akatafsiri kila neno, toka 660 hadi 663.

Sifa zake zilifika hadi Korea. Inasimuliwa kwamba mtawa Wonhyo alifunga safari kwenda kusoma kwake. Usiku mmoja gizani akapapasa chombo chenye maji, akanywa, yakawa matamu. Kulipokucha akaona ni fuvu la maiti, akatapika. Maji yalikuwa yale yale. Wonhyo akarudi nyumbani, akisema hana haja tena ya kwenda China.

Mwanzoni mwa mwaka 664 Xuanzang aliteleza akivuka mtaro nyuma ya chumba chake, akachubuka mguu, akalala asiinuke tena. Aliacha wosia azikwe kwa mkeka, mahali pa kimya mbali na kasri. Gaozong, mwana wa Taizong, alisimamisha shughuli za baraza kwa majonzi, na umati mkubwa ukamsindikiza.

Nalanda iliharibiwa karibu na mwaka 1200, ikafunikwa na udongo hata jina likapotea. Katika karne ya 19 Mwingereza Alexander Cunningham alizunguka Bihar na ile taarifa ya safari iliyotafsiriwa, akipima masafa kama mtawa alivyoyaandika, na mwaka 1861 akasimama juu ya vichuguu vya kijiji kimoja akasema chuo kiko hapa chini.