Tom Mboya: Mwana wa Rusinga aliyeyazika majimbo

WAKENYA wengi humkumbuka Thomas Joseph Mboya kwa mambo mawili: ndege zilizowapeleka vijana kusoma Marekani, na risasi zilizomuua mchana wa Julai 5, 1969 alipokuwa akitoka katika duka la dawa jijini Nairobi. Kazi yake nzito zaidi husahauliwa. Ni yeye aliyetwikwa jukumu la kuandaa sheria zilizoyavunja majimbo na kuifanya Kenya kuwa jamhuri yenye serikali moja.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa mnyapara. Nyumbani kwao asilia kulikuwa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria, sehemu iliyo sasa katika Kaunti ya Homa Bay. Wenyeji wa Rusinga ni Wasuba, jamii ndogo ambayo lugha yake ilikuwa tayari imemezwa kwa kiasi kikubwa na Kijaluo. Hivyo, mtoto huyu aliyekulia miongoni mwa vibarua wa makabila mbalimbali alijua Kikamba, Kikuyu na Kiswahili kabla hajaijua vyema nchi ya wazazi wake. Pengine hapo ndipo pa kuanzia anayetaka kuelewa kwa nini siasa za kabila hazikumkaa moyoni.

Alisoma Kabaa, kisha Yala na Mangu, akakatiza masomo kwa kukosa karo. Baada ya mafunzo ya afya huko Kabete, aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi kuwa mkaguzi wa afya. Kufikia 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, akiwa na umri wa miaka 23 tu.

Kenya ya wakati huo haikuwa nchi moja kwa maana tuijuayo leo. Kwa jina rasmi ilikuwa Koloni na Himaya: bara lilikuwa mali ya Uingereza, na ukanda wa maili 10 wa pwani ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Baada ya hali ya hatari kutangazwa 1952, chama cha KAU kilipigwa marufuku mwaka uliofuata. Waafrika waliporuhusiwa kuunda vyama tena mnamo 1955, masharti yalikuwa kwamba kila chama kisivuke mipaka ya wilaya. Mkulima wa Homa Bay au wa Migori, ambazo zote zilikuwa katika wilaya ya Nyanza Kusini, hakuweza kuwa katika chama kimoja na mwenzake wa Mombasa. Hii ndiyo mbegu ambayo matunda yake yalikuja kuliwa baadaye, wakati kila eneo lilipokuwa na kigogo wake.

Vyama vya wafanyakazi viliponea chupuchupu. Bandarini Mombasa, katika reli na mashambani, Mjaluo, Mkamba na Mdigo walilipa ada kwa chama kimoja na kugoma siku moja. Mboya aliutumia upenyo huo. Mgomo wa makuli wa Mombasa wa 1955, ambao alisaidia kuutatua kwa nyongeza ya mishahara, ulimfanya ajulikane kila pembe.

Machi 1957 Waafrika wanane walichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Lawrence Oguda alichukua kiti cha Nyanza Kusini. Mboya, ambaye angeweza kutafuta kura za nyumbani, aliwania Nairobi na kumbwaga wakili Argwings-Kodhek. Mnamo 1961, mjini humo humo ambamo Wakikuyu walikuwa wapiga kura wengi, alimshinda Dkt Munyua Waiyaki kwa zaidi ya kura tisa katika kila kumi. Ushindi wa aina hiyo haujawa wa kawaida katika siasa zetu.

Ndoto yake ilivuka hata mipaka ya Kenya. Desemba 1958 aliongoza Mkutano wa Watu wa Afrika Yote jijini Accra. Septemba 1959 ndege ya kwanza ilitua New York ikiwa na wanafunzi 81, na mwaka uliofuata wakfu wa familia ya John F. Kennedy ukatoa dola 100,000 kugharamia wengine, miongoni mwao Wangari Maathai. Juni 1963 Kenyatta, Nyerere na Obote walipotangaza nia ya kuunda shirikisho la Afrika Mashariki, Mboya alikuwa miongoni mwa waliolitetea. Kwa Wakuria wa Migori, ambao ndugu zao wako ng'ambo ya mpaka Tarime, jambo hilo lilikuwa na maana kuliko hotuba za Nairobi. Shirikisho hilo lilikufa kabla ya kuzaliwa.

Ndani ya nchi mambo yalikuwa magumu zaidi. KANU, ambayo Mboya alikuwa katibu mkuu wake tangu 1960, ilitaka serikali moja yenye nguvu. KADU ya Ronald Ngala na Daniel arap Moi ilihofia kwamba jamii kubwa zingewameza wadogo, ikadai majimbo. Katiba ya uhuru iliwapa walichotaka: majimbo saba, kila moja likiwa na bunge lake, mbali na Nairobi. Nyanza Kusini iliwekwa katika Jimbo la Nyanza. Kuhusu pwani, Sultani aliachilia ukanda wake Oktoba 1963, ukaunganishwa na Kenya.

Mboya aliyaona majimbo kuwa anasa na hatari kwa taifa changa. Akiwa waziri wa sheria na masuala ya katiba, aliandaa marekebisho ya kuyanyang'anya mamlaka. Novemba 1964 KADU ilijivunja na wabunge wake wakajiunga na serikali. Desemba 12 Kenya ikawa jamhuri. Ajabu ni kwamba aliyeivunja ngome ya jamii ndogo alitoka katika jamii ndogo kuliko nyingi zilizoililia.

Hofu ya KADU haikuwa upuuzi. Mamlaka yote yalipokusanywa Nairobi, aliyeishika Nairobi alishika kila kitu. Waraka Nambari 10 wa 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, uliotoka wakati Mboya akiwa waziri wa mipango ya uchumi, ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye uwezo wa kuzalisha haraka zaidi. Maeneo hayo yalikuwa hasa yale yaliyokwisha kuwa na barabara, reli na mashamba ya walowezi. Nyanza Kusini haikuwa mojawapo. Hili ni doa katika kazi yake, na watetezi wake aghalabu hulipita kimya.

Mwaka 1966, katika mkutano wa Limuru, alisaidia kumng'oa Oginga Odinga katika umakamu wa rais wa chama. Miaka mitatu baadaye naye akawa mhanga. Nahashon Njenga alihukumiwa na kunyongwa kwa mauaji hayo, lakini minong'ono kuhusu waliomtuma haijakoma. Katika ibada ya kumwombea Nairobi, waombolezaji waliupiga mawe msafara wa Rais Kenyatta na polisi wakafyatua gesi ya kutoa machozi. Mwili ulisafirishwa hadi Rusinga, na mwanasiasa aliyepigiwa kura na Nairobi nzima akalilia na Wajaluo kama mwana wao. Oktoba mwaka huo damu ilimwagika Kisumu wakati wa ziara ya Kenyatta, na chama cha KPU cha Odinga kikapigwa marufuku.

Wilaya ya Nyanza Kusini ilikuja kugawanywa, ikazaa Homa Bay na Migori. Katiba ya 2010 ilirudisha sehemu ya mamlaka mashinani, na mnamo Machi 2013 wakazi wa kaunti hizo mbili walichagua magavana na mabunge yao kwa mara ya kwanza. Kaburi la Mboya liko Rusinga, katika jumba lenye umbo la risasi, ndani ya mipaka ya mojawapo ya serikali hizo.