Peter Scott: muwindaji wa bata aliyegeuka mulinzi wa mabonde ya maji

Hapa Butembo na Beni, jina la Peter Scott halijulikani sana. Lakini alama ya panda wengi wanaijua: ile ya WWF, shirika lililosaidia kupanda miti pembeni ya Parki ya Virunga. Scott ndiye aliichora mwaka 1961, akiwa mumoja wa waanzilishi wa shirika hilo.

Alizaliwa London, Uingereza, tarehe 14 mwezi wa tisa 1909. Baba yake, kapteni Robert Scott, alikufa mwaka 1912 akirudi kutoka ncha ya kusini ya dunia. Mutoto alikuwa na miaka miwili tu. Mbele ya kufa, baba aliandikia mke wake barua, akimuomba amufundishe mutoto kupenda wanyama na mimea.

Kijana alipenda ndege kweli, lakini kwanza aliwapenda kwa bunduki. Alikuwa akilala kwenye matope ya pwani usiku, akingojea bata wa pori wapite. Pole pole moyo ukageuka. Akaacha kuwaua, akabaki kuwachora.

Mwaka 1946, kiisha vita ya pili ya dunia, akafungua kituo Slimbridge, karibu na pale mto Severn unaingia baharini. Wakati ule, watu wengi waliona mabonde kama yale kuwa ya bure: kazi yake ni kukaushwa na kulimwa. Scott aliona jambo lingine. Kila wakati wa baridi, bata walifika pale kutoka inchi za mbali. Bila matope yale, hawakuwa na pa kula wala pa kupumuzika.

Kazi yake iliyosifiwa zaidi ni ya nene, bata wa visiwa vya Hawaii. Kufikia mwaka 1950 hivi, walibakia kama 30 tu porini. Scott alipata wachache, wakazaliana Slimbridge, na mwaka 1962 wakaanza kurudishwa kwenye kisiwa cha Maui. Lakini wengine waliliwa na nguchiro. Hapo watu wakaelewa: kurudisha munyama peke yake hakutoshi, lazima kutengeneza na mahali atakapoishi.

Scott alikufa tarehe 29 mwezi wa nane 1989, akikaribia miaka 80. Kazi haikufa. Mwaka 2014, huko Steart, upande uleule wa pwani, shirika alilolianzisha na idara ya serikali ya mazingira walifungua ukuta wa udongo na kuacha maji ya bahari yaingie tena. Ndege wakarudi, na bonde likawa kinga kwa vijiji wakati bahari inapopanda.

Sisi hatuna bahari, lakini tuna ziwa Edouard. Tangu 1996, Parki ya Virunga iko kwenye orodha ya mukataba wa Ramsar, unaolinda sehemu za maji duniani. Miaka ya 1970 ziwa na mito yake vilikuwa na viboko karibu 30,000. Kiisha vita, hawakufika hata 1,000. Mavi yao inalisha maji, na maji inalisha samaki. Kiboko akipungua, muvuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge anajua, na mama anayenunua samaki sokoni Butembo anajua pia.

Nene walirudi kutoka 30. Viboko wetu wanaweza kurudi pia, kama ukingo wa ziwa utabakia wao, na bunduki zikinyamaza.