Jimmie Rodgers: Mfunga breki wa reli aliyegeuka Chemirocha

MWAKA wa 1950, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, akiwa na mitambo ya kunasa sauti. Miongoni mwa nyimbo alizoimbiwa huko ni ule wa wasichana waliomsifu kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu swara, kwa jina Chemirocha. Walimwalika acheze na kurukaruka hadi nguo zimdondoke.

Chemirocha huyo alikuwa Mmarekani wa kawaida kabisa. Jina lake halisi lilikuwa Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli kutoka jimbo la Mississippi, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika na aliyekuwa ameaga dunia miaka 17 kabla ya siku hiyo.

James Charles Rodgers alizaliwa Septemba 8, 1897, na kulelewa katika mji wa Meridian na viunga vyake. Mamaye alifariki angali mtoto mdogo, naye babaye alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli. Kijana hakukawia kuandama njia ya mzazi wake. Alianza kwa kuwapelekea maji waliotengeneza reli, wengi wao wakiwa Wamarekani weusi, kisha akawa mfunga breki kwenye magarimoshi.

Inaaminika kuwa ni vibarua hao waliomfunza kupiga banjo na gitaa. Kwao alisikia bluzi na nyimbo za kazi, zile za kupimia mapigo ya nyundo. Deni hilo halikulipwa ipasavyo. Majina ya walimu wake hayakuhifadhiwa, na Rodgers mwenyewe aliwahi kujipaka masizi usoni katika maonyesho ya wauza dawa, kama walivyofanya waigizaji wengi weupe wa zama zile kuwafanyia mzaha watu weusi.

Mnamo 1920 alimwoa Carrie Williamson. Walijaliwa mabinti wawili, lakini wa pili alifariki mwishoni mwa 1923 akiwa mchanga. Mwaka uliofuata Rodgers mwenyewe alitapika damu, na madaktari wakatambua kifua kikuu. Wakati huo ugonjwa huo haukuwa na dawa. Streptomycin, ya kwanza kuuweza, ilivumbuliwa mwaka wa 1943. Tiba ilikuwa hewa safi na kupumzika, na kupumzika ni anasa kwa mtu anayedaiwa. Kazi ya reli ilipomshinda, alibaki na gitaa tu.

Julai 1927, kampuni ya Victor ilimtuma Ralph Peer hadi mji wa Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, kutafuta waimbaji wa mashambani. Rodgers alifika na wenzake, wakazozana kuhusu jina la kundi, nao wakamtoka. Hivyo Agosti 4 aliketi mbele ya kinasa sauti peke yake, akarekodi nyimbo mbili. Pengine ugomvi huo ndio uliomfaa zaidi maishani, kwani sauti yake haikuhitaji kufunikwa na ya mtu mwingine.

Novemba mwaka huo alirekodi Blue Yodel, na santuri hiyo ikampa umaarufu Marekani nzima. Ndani yake aliunganisha mambo mawili ambayo wengi walidhani hayapatani: bluzi ya watu weusi na yodeli, ule mtindo wa milima ya Alps ambapo sauti huruka ghafla kutoka kifuani hadi juu kabisa, kisha ikashuka. Yeye hakuwa wa kwanza kuimba yodeli Marekani, ila alipoitia mwishoni mwa ubeti wa bluzi, iligeuka kilio.

Hakukomea hapo. Aliwaita wapigaji wa gitaa la Hawaii, akiwemo Joe Kaipo, na mnamo 1931 akarekodi na bendi ya watu weusi ya Louisville. Julai 1930, mjini Hollywood, alirekodi Blue Yodel No. 9 huku Louis Armstrong akipuliza tarumbeta na mkewe Lil akipiga piano. Kibandiko cha santuri hakikuwataja wawili hao. Rodgers hakujua kusoma noti za muziki, na nyimbo zake nyingi aliandikiwa au kusaidiwa kuandika na shemejiye, Elsie McWilliams.

Pesa zilikuja, naye alizitumia kama mtu asiyetarajia uzee. Alijenga jumba Kerrville, Texas, mahali penye hewa kavu, lakini gharama na mdororo wa uchumi vikamlazimu kuliuza. Mwaka wa 1931 alirekodi T.B. Blues. Kuutaja ugonjwa huo hadharani, wakati wengi waliuficha kwa aibu, kulihitaji moyo.

Mei 1933 alisafiri hadi New York akiandamana na muuguzi, nia yake ikiwa kurekodi nyimbo za kuiachia familia kitu. Studioni alitandikiwa kitanda: anaimba, analala, anainuka tena kuimba. Alimaliza Mei 24. Usiku wa kuamkia Mei 26 alivuja damu mapafuni na kufariki hotelini, akiwa na umri wa miaka 35. Garimoshi ndilo lililomrejesha Meridian.

Aliacha rekodi zaidi ya 100. Bill Monroe, mwasisi wa muziki wa bluegrass, aliingia jukwaa la Grand Ole Opry mwaka wa 1939 kwa wimbo wa Rodgers, Mule Skinner Blues, akiuharakisha kwa mtindo wake. Mwaka wa 1961 Rodgers alikuwa mmoja wa watatu wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Fahari la Muziki wa Kantri.

Santuri zake ziliuzwa pia Uingereza, India na Australia, na Waingereza wakazileta hadi Bonde la Ufa. Wakipsigis walisikia sauti isiyo na mwili ikirukaruka kama mnyama wa porini, wakalitamka jina kwa ulimi wao na kumpa kwato. Katika rekodi ya Tracey, anayesindikiza sauti za wasichana si mpiga banjo wala gitaa, bali mpiga chepkong, zeze la Wakipsigis.