Msimamizi wa Kwaya Yetu: Mtakatifu Yohane Bosco na Vijana Wasiojua Kuimba



Waumini wengi wametuuliza kwa nini kwaya yenye akina mama na akina baba kama sisi ina msimamizi ambaye pichani huonekana amezungukwa na wavulana. Jibu ni kwamba tulipoanza miaka 25 iliyopita, hii ilikuwa kwaya ya vijana. Wengi wetu tuliingia tukiwa bado katika mafundisho ya kipaimara. Kwaya ilibaki na jina, sisi tukaongeza umri. Katika mwaka huu wa Yubilei ya Fedha tumeona vyema tuandike maisha yake, maana hata miongoni mwetu wapo wanaojua jina tu.

Yohane Bosco alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kijiji kidogo cha Becchi, Piemonte, kaskazini mwa Italia. Baba yake alifariki mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita, hakujua kusoma wala kuandika, lakini katekisimu aliijua kwa kichwa, na ndiye aliyemfundisha mwanawe sala. Umaskini ulikuwepo, na ugomvi ulikuwepo pia. Kaka yake mkubwa Antonio, mtoto wa mke wa kwanza wa baba yao, hakutaka kumwona mdogo wake na kitabu wakati shamba linangoja jembe. Ilifika mahali mama akaona afadhali amtoe nyumbani. Februari 1828, akiwa na umri wa miaka 12, Yohane alienda kuwa kibarua wa kuchunga ng'ombe kwa familia ya Moglia, akakaa huko karibu miaka miwili.

Kabla ya hapo, akiwa na miaka tisa hivi, aliota ndoto ambayo hakuisahau. Aliona uwanja umejaa watoto wanaopigana na kutukana, naye akawavamia kwa ngumi ili wanyamaze. Mtu mwenye heshima akamzuia, akamwambia kwamba hawa atawapata kwa upole, si kwa kupigwa. Kijana alianza kazi hiyo mapema. Alijifunza sarakasi na viinimacho kwa kuwatazama wachezaji wa sokoni, na Jumapili akawa anatembea juu ya kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Kiingilio kilikuwa kusali rozari pamoja naye na kusikiliza mahubiri ya asubuhi aliyoyashika kanisani. Aliyekataa kusali hakuona mchezo.

Masomo aliyapata kwa taabu, huku akifanya kazi za mikono. Alipokuwa Castelnuovo alikaa kwa fundi wa nguo ambaye pia alikuwa mwimbaji wa kanisani, na huko ndiko alikojifunza kuimba kwa noti na kupiga kinanda. Wale wetu waliojifunza solfa jioni baada ya kushinda kwenye cherehani au dukani watajisikia nyumbani hapo. Baadaye, akiwa shule Chieri, aliwaunganisha wenzake katika Chama cha Furaha, ambacho masharti yake yalikuwa machache: kutimiza wajibu wa Kikristo na wa shule, na kutokuwa mtu wa uso wa huzuni. Violini pia aliipiga. Alikuja kuivunja akiwa mseminari, baada ya kupiga kwenye sherehe na kukuta watu wanacheza dansi kwa muziki wake. Hapo baadhi yetu tunaona alizidisha kidogo, lakini ndivyo alivyofanya.

Alipata upadre tarehe 5 Juni 1841, mjini Torino. Mji ulikuwa unakua haraka. Vijana walitoka vijijini na mabondeni kutafuta kazi ya kujenga nyumba na kusafisha dohani, wakilala popote. Tungesema leo vijana wa mjengo. Padre Cafasso, mlezi wake, alimpeleka magerezani, na huko akaona wavulana wa miaka 12 hadi 18 wamefungwa, wenye afya na akili, wanaoumwa na wadudu na kukosa mtu wa kuwauliza habari zao. Kilichomuumiza zaidi ni kuona baadhi yao wakitoka na kurudi tena kwa sababu nje hapakuwa na mtu anayewangoja.

Kisa ambacho kila mwanakwaya wetu anapaswa kukijua kilitokea tarehe 8 Desemba 1841. Don Bosco alikuwa sakristia akijiandaa kwa Misa. Kijana mmoja, Bartolomeo Garelli, fundi mwashi yatima wa miaka 16 kutoka Asti, aliingia akasimama pembeni. Mtunza sakristia akamtaka atumikie Misa. Alipokiri kwamba hajui, akapigwa kwa mpini wa fagio na kufukuzwa. Don Bosco akapaza sauti arudishwe, akisema huyo ni rafiki yake, ingawa ndiyo kwanza amwone. Baada ya Misa alimkalisha na kumuuliza maswali. Wazazi? Wamekufa. Kusoma? Hajui. Kominio ya kwanza? Bado. Wasalesiani husimulia kwamba alimuuliza pia kama anajua kuimba, kijana akasema hajui; basi akamuuliza kama anajua kupiga mluzi. Hapo Bartolomeo akatabasamu. Wakaanza na ishara ya msalaba na Salamu Maria, na Jumapili iliyofuata akarudi na wenzake.

Tunaandika hili kwa aibu kidogo. Mwaka juzi kijana wa kidato cha pili alikuja kwenye mazoezi yetu Jumamosi. Tulimuuliza kama anajua solfa, hakujua. Tukamwambia arudi akishajifunza, na tena aje na nguo inayofaa. Hatukumpiga kwa mpini wa fagio, lakini alitoka kwa mlango uleule. Tumemtafuta kupitia jumuiya ya mama yake, hajarudi.

Kundi la Don Bosco lilipoongezeka, hakuna aliyelitaka. Walihamishwa mara nyingi. Kwenye kanisa la makaburi walilalamikiwa kwa kelele na kwa kutimua kuku. Kwenye vinu vya unga, wenye vinu wakaandika barua kwa wakuu wa mji. Walipokodi uwanja, wenye uwanja wakasema nyasi zimekanyagwa hadi mizizi. Baadhi ya maparoko walinung'unika kwamba anawatoa vijana parokiani, naye akaeleza kwamba wengi wao ni wageni wasiojua hata parokia yao iko wapi. Wapo walioamini amerukwa na akili, na mapadre wawili walikuja na gari la farasi wampeleke hospitali ya wendawazimu. Aliwaomba kwa adabu watangulie kupanda, kisha akafunga mlango na kumwamuru dereva aende.

Siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1846, hatimaye walipata banda la Pinardi huko Valdocco. Lilikuwa la chini kiasi kwamba ilibidi sakafu ichimbwe ili watu wasimame. Askofu Mkuu Fransoni alipokuja kutoa kipaimara mwaka uliofuata, alisahau hayuko katika kanisa kuu, na mitra yake ikagonga dari. Alicheka pamoja na vijana.

Mwaka huohuo wa 1846 Don Bosco aliugua karibu kufa. Alipopona alirudi Valdocco na mama yake, ambaye aliacha shamba na wajukuu akiwa mzee. Vijana wa kwanza waliopewa hifadhi usiku waliondoka alfajiri na mashuka na blanketi. Hata hivyo Mei 1847, alipobisha kijana mwingine aliyelowa mvua, mama na mwana walimtandikia jikoni juu ya mbao na matofali. Mama Margherita aliuliza itakuwaje akiiba sufuria, kisha akampa chakula na maneno machache ya kumtakia usiku mwema. Alifua na kushona pale hadi kifo chake mwaka 1856. Hatujui ni mama wangapi wa parokia hii wanaofanana naye, wanaopika chai ya mazoezi na majina yao hayamo katika ratiba ya leo.

Upande wa nyimbo, Don Bosco alishika kwamba kituo cha vijana kisicho na muziki ni mwili usio na roho. Alianzisha darasa la kuimba jioni, akifundisha kundi zima kwa pamoja, jambo lililokuwa geni hata walimu wa muziki wa mji wakaja kutazama anavyofanya. Vijana waliobeba matofali mchana wakaimba Misa katika makanisa ya Torino. Hakungoja sauti ziwe nzuri ndipo awapokee. Na hakuwaachia kuimba tu: mwaka 1852 tunamkuta akitia sahihi mikataba ya vijana na mafundi wao, ili fundi afundishe kazi kweli na asimpige mwanafunzi.

Aliwapa pia madaraka. Kipindupindu kilipoingia Torino mwaka 1854, vijana wake walijitolea kubeba na kuwahudumia wagonjwa. Domenico Savio, aliyefariki mwaka 1857 kabla ya kutimiza miaka 15, alianzisha na wenzake chama cha kuwasaidia wavulana wagumu, na leo ni mtakatifu. Tarehe 18 Desemba 1859 shirika la Wasalesiani lilipoundwa, waliokusanyika chumbani walikuwa 18, na karibu wote walikuwa vijana aliowalea mwenyewe. Mwaka 1872, pamoja na Maria Mazzarello, alianzisha shirika la masista kwa ajili ya wasichana.

Mmoja wa wale 18 alikuwa Giovanni Cagliero. Alifika Valdocco mwaka 1851 akiwa na miaka 13, mtundu, akapenda muziki, akawa mtunzi wa nyimbo za kanisa. Mwaka 1875 aliongoza wamisionari wa kwanza wa Kisalesiani kwenda Argentina, na mwaka 1915 akafanywa kardinali.

Don Bosco alifariki tarehe 31 Januari 1888, akiwa na miaka 72. Papa Pius XI alimtangaza mtakatifu siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 1934. Hapa Kenya Wasalesiani wako tangu miaka ya 1980, na vijana wengi wamejifunza ufundi kwao, Karen na hata kambini Kakuma.

Katika Misa ya leo mtaona safu ya mbele ina sura kumi na moja mpya. Waliingia baada ya Pasaka, wote bado wako shule. Wanne hawana sare kwa kuwa fundi hajamaliza, na kamati imekubali waimbe hivyohivyo. Mazoezi ni Jumatano saa kumi na moja jioni na Jumamosi saa nane mchana. Solfa tunafundisha hapahapa.