Arthur Lewis na fumbo la bei ya kahawa

Aghalabu tunapozungumzia maendeleo, fikira zetu huelekea kwenye mikopo, misaada na wataalamu watokao ng'ambo. Hukariri kwamba mgeni na aje, mwenyeji apone. Lakini mgeni akileta dawa na mwenyeji akakataa kuinywa, alaumiwe nani? Maisha ya Arthur Lewis yanatupa fursa ya kulitafakari suala hili.

Lewis alizaliwa Januari 23, 1915, mjini Castries katika kisiwa cha St Lucia, kilichokuwa koloni la Uingereza huko Karibi. Wazazi wake wote wawili walikuwa walimu waliohamia huko kutoka Antigua. Baba alifariki Arthur akiwa na umri wa miaka 7, naye mama akabaki na wana watano wa kulea. Kijana huyo alikamilisha masomo ya shule akiwa na miaka 14. Maadamu umri haukumruhusu kwenda chuo kikuu, alifanya kazi ya ukarani serikalini hadi alipopata ufadhili wa masomo. Alitamani uhandisi, ila alifahamu fika kwamba serikali ya kikoloni na makampuni ya Wazungu yasingemwajiri mhandisi mweusi. Mwaka 1933 akajiunga na Chuo cha Uchumi cha London. Alipata shahada ya uzamifu mwaka 1940, na kufikia 1948, akiwa na miaka 33, alikuwa profesa Manchester.

Kulikuwa na fumbo lililomkera. Kwa nini mkulima wa kahawa katika nchi za joto hufanya kazi kutwa kucha na bado akapata malipo haba kuliko mfua chuma wa Ulaya? Agosti 1952, akitembea barabarani mjini Bangkok, jibu lilimjia. Mwaka 1954 akalichapisha katika makala iliyomjengea jina duniani.

Alieleza kwamba ujira wa mchuma kahawa hupimwa kwa kile ambacho angekipata kama angelima chakula. Shamba la chakula likitoa mavuno kidogo, watu wengi huwa tayari kufanya kazi kwa ujira mdogo. Hata mbinu za kukuza kahawa zikiboreshwa, faida huvuka bahari na kumfikia mnunuzi kwa njia ya bei nafuu. Msomaji aliyelipiwa karo kwa kahawa ya Nyeri au chai ya Kericho ataitambua hali hii. Kwa hivyo, anayetaka kuipandisha bei ya kahawa sharti aanze na ghala la mahindi.

Isidhaniwe kwamba Lewis aliipinga misaada. Mwaka 1951 alikuwa mmoja wa wataalamu watano waliouandikia Umoja wa Mataifa ripoti ya kupendekeza nchi maskini zipewe ruzuku ya maendeleo. Hata hivyo, alishikilia kwamba kiini cha ukuaji ni taifa lenyewe kujifunza kuweka akiba na kuiwekeza: kutoka asilimia 4 au 5 ya pato lake hadi 12 au 15.

Mtihani mkubwa ulimngoja Ghana. Katika ripoti yake ya 1953 kuhusu viwanda, aliishauri serikali itangulize kilimo cha chakula. Uhuru ulipopatikana mwaka 1957, Kwame Nkrumah alimwita awe mshauri wake wa uchumi. Punde wakatofautiana kuhusu miradi ya fahari iliyomeza fedha za umma. Nkrumah alikiri kwamba ushauri ule ulikuwa sahihi kiuchumi, ila aliona kwamba kiongozi wa siasa hana budi kubahatisha. Mwishoni mwa 1958 Lewis akajiuzulu, asikubali jina lake liwe pambo la mpango asiouamini.

Haki itendeke kwa Nkrumah pia: bwawa la Akosombo, lililokamilika mwaka 1965, lingali linazalisha umeme. Lakini alipopinduliwa Februari 1966, akiba ya fedha za kigeni ilikuwa imekauka na madeni yamelundikana.

Lewis aliendelea na utumishi. Aliongoza chuo kikuu cha visiwa vya Karibi, akafundisha Princeton, na kati ya 1970 na 1973 akawa rais wa kwanza wa Benki ya Maendeleo ya Karibi. Mwaka 1979 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Theodore Schultz, mwenzake katika ile ripoti ya 1951. Alifariki Barbados Juni 15, 1991, akazikwa St Lucia katika uwanja wa chuo chenye jina lake.

Enyi walimu na wanafunzi, mtafiti anayeandika ili kumfurahisha mfadhili au mkubwa serikalini hutusaidia nini? Kila mpango wa maendeleo uletwao kwetu, uwe wa wageni au wa wenyeji, na tuulize kwanza utaongeza magunia mangapi katika ghala la yule mama alimaye chakula. Jibu likikosekana, tuwe na ujasiri wa Lewis wa kusema hivyo.