Max Planck: Mtaalamu Aliyekubali Kushindwa na Kweli

Kila mwenye kuitafuta kweli hufika siku moja mahali ambapo kweli hiyo humdai gharama. Pengine humtaka aache rai aliyoirithi kwa wazee wake. Pengine humtaka aungame mbele ya watu kwamba jambo alilolifundisha kwa miaka mingi halikuwa sahihi. Hapo ndipo wengi hurudi nyuma. Katika makala haya tutaeleza maisha ya mtu mmoja ambaye hakurudi nyuma, ingawa nafsi yake ilitamani sana kufanya hivyo. Jina lake ni Max Planck, na kutokana na kazi yake ilizaliwa elimu iitwayo fizikia ya kwanta, ambayo leo matunda yake yamo katika kila simu ya mkononi na kila taa ya umeme wa jua.

Kuzaliwa na Masomo Yake

Planck alizaliwa tarehe 23 Aprili 1858 katika mji wa Kiel, kaskazini ya nchi iitwayo leo Ujerumani. Baba yake alikuwa profesa wa sheria. Babu yake na baba wa babu yake walikuwa maprofesa wa elimu ya dini katika mji wa Göttingen. Basi alikulia katika nyumba ya watu wacha Mungu, wenye kuheshimu sheria na kutimiza wajibu. Mwaka 1867 jamaa yake walihamia Munich, na huko ndiko alikosoma.

Shuleni alikuwa na mwalimu aitwaye Müller, ambaye aliwaeleza wanafunzi habari ya mwashi anayepandisha jiwe zito juu ya paa. Jasho la mwashi yule, alisema mwalimu, halikupotea. Limewekwa akiba ndani ya jiwe, na huenda likakaa humo miaka mingi, mpaka siku jiwe litakapoanguka. Kijana Planck hakuisahau habari hiyo maisha yake yote. Alitambua kwamba katika ulimwengu zimo kanuni zisizotegemea matakwa ya mtu wala nchi wala zama, na akatamani kuzijua.

Alijaliwa pia kipaji kikubwa cha muziki, akafikiri kuufanya kazi yake. Alipochagua fizikia, profesa wake, Philipp von Jolly, alimwonya kwamba elimu hiyo imekwisha kukamilika na yamebaki matundu machache tu ya kuzibwa. Planck alijibu kwa unyenyekevu kwamba hakutafuta kugundua jipya. Yeye alitaka tu kuyafahamu yaliyokwisha kujulikana. Mtu huyu asiyetaka kupindua chochote ndiye aliyekuja kuipindua fizikia nzima. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1879, akawa profesa Kiel mwaka 1885, na mwaka 1889 akaitwa Berlin.

Fumbo la Chuma cha Moto

Mtu akimtazama mhunzi kazini ataona ya kuwa chuma kikiwekwa motoni huwa chekundu kwanza, kisha hugeuka rangi ya chungwa, na moto ukizidi hukaribia weupe. Kwa nini rangi hubadilika hivyo? Mwaka 1859 Gustav Kirchhoff alikuwa ameonyesha kwamba katika tanuri lililofungwa, mwanga unaotoka katika tundu lake dogo hautegemei tanuri limejengwa kwa nini. Hutegemea ukali wa joto peke yake. Hiyo ndiyo aina ya kanuni aliyoipenda Planck, kanuni iliyo sawa kwa vitu vyote. Lakini hakuna aliyejua hesabu yake.

Mwaka 1896 Wilhelm Wien alitoa hesabu iliyoonekana kufaa. Planck akaipokea, na mwaka 1899 akaamini kwamba ameithibitisha kwa hoja zake mwenyewe. Wakati huo huo, katika taasisi ya vipimo ya serikali mjini Charlottenburg, mafundi hodari walikuwa wakiupima mwanga wa matanuri kwa uangalifu usiopata kutokea, kwa kuwa viwanda vya taa vilihitaji kipimo cha uhakika cha mwanga. Jumapili, tarehe 7 Oktoba 1900, mmoja wao, Heinrich Rubens, alimtembelea Planck nyumbani kwake. Akamweleza kwamba kwa mawimbi marefu hesabu ya Wien haikubaliani na vipimo.

Mwenye kiburi angelitafuta kosa katika vyombo vya Rubens. Planck hakufanya hivyo. Jioni ile ile alikaa mezani akatafuta hesabu nyingine, na tarehe 19 Oktoba akaitangaza mbele ya wanachama wenzake wa Chama cha Fizikia. Rubens alikesha akiilinganisha na vipimo vyake, na asubuhi akaja na habari kwamba vyote vinapatana.

Hata hivyo Planck hakuridhika, maana alikuwa amepata jibu bila ya kujua sababu yake. Majuma yaliyofuata, kama alivyokuja kueleza baadaye, yalikuwa ya kazi ngumu kuliko zote za maisha yake. Kila njia aliyoipenda ilifungika. Ilibaki njia moja, nayo ni ile ya Ludwig Boltzmann, ambaye Planck alikuwa akiipinga rai yake kwa miaka mingi. Boltzmann alifundisha kwamba kanuni za joto hutokana na kuhesabu namna ambazo chembe zisizo na idadi zinaweza kujipanga. Planck akainama, akaichukua njia ya mpinzani wake. Ili apate kuhesabu ilimlazimu aigawe nishati katika mafungu. Na hapo likatokea jambo asilolitarajia, kwamba mafungu hayo hayakukubali kupunguzwa mpaka yaishe. Tarehe 14 Desemba 1900 alilieleza jambo hilo mjini Berlin, na siku hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa fizikia ya kwanta.

Maana ya Kwanta

Tuchukue mfano wa sokoni. Maziwa hupimwa kiasi chochote, kibaba, nusu kibaba, hata tone. Mayai hayauzwi hivyo. Utanunua moja au mawili, wala hutauziwa yai na robo. Wataalamu wa zamani walidhani nishati ya mwanga hutoka kama maziwa. Planck alikuta kwamba hutoka kama mayai, na kila yai ndilo kwanta moja.

Tena bei ya yai si moja kwa rangi zote. Kadiri mwanga unavyotikisika upesi zaidi, ndivyo kwanta yake inavyokuwa kubwa. Kwanta ya zambarau ni karibu maradufu ya ile ya nyekundu. Basi chuma chenye joto dogo ni kama mtu mwenye fedha chache. Anaweza kununua mayai mengi ya bei nafuu, lakini ya bei kubwa yanamshinda. Ndiyo maana huanza kwa wekundu, na rangi nyingine hufuata joto likizidi. Hesabu za kale, zikifuatwa hadi mwisho, zilidai kwamba kila tanuri lingetoa mwanga wa zambarau na wa zaidi ya hapo bila kikomo, jambo ambalo halionekani popote.

Ukubwa wa kwanta hupatikana kwa kuzidisha idadi ya mitikisiko kwa sekunde na namba moja isiyobadilika, iitwayo namba ya Planck. Namba hiyo, kwa vipimo vya kawaida, ni ndogo mno. Baada ya nukta ya desimali huandikwa sifuri 33 kabla ya kufika tarakimu ya kwanza, nayo ni 6. Kwa sababu ya udogo huo hatuzioni kwanta kwa macho, kama vile mtu aonaye mchanga kwa mbali adhanivyo kuwa ni kitambaa kimoja.

Mzazi Aliyemwogopa Mtoto Wake

Planck hakufurahi kwa ugunduzi huu kama tunavyoweza kudhani. Baadaye alikiri kwamba alikuwa amefanya tendo la mtu aliyekata tamaa. Kwa zaidi ya miaka kumi alijitahidi kuirudisha kwanta ndani ya fizikia ya zamani, akashindwa. Mwaka 1905 Albert Einstein, aliyekuwa mtumishi wa ofisi ya hataza huko Bern, alisema kwamba mwanga wenyewe ni mafungu. Alitumia hoja hiyo kueleza kwa nini mwanga hafifu wenye mitikisiko ya upesi hutoa elektroni katika madini, hali mwanga mwekundu mkali hauwezi. Planck aliona kijana huyu amepita kiasi. Mwaka 1913, alipompendekeza pamoja na wenzake aingizwe katika Akademia ya Berlin, waliomba asihukumiwe vikali kwa kosa hilo.

Lakini halikuwa kosa. Mwaka 1916 Robert Millikan wa Marekani alitangaza vipimo vilivyoithibitisha hesabu ya Einstein. Niels Bohr alikuwa amekwisha kuitumia kwanta kueleza atomu mwaka 1913, na katika miaka ya 1925 na 1926 Heisenberg na Schrödinger waliikamilisha elimu hii mpya. Planck alipewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1918. Na hapa yapasa tumtazame vema. Hakuipenda sana njia waliyoifuata vijana, wala hakutumia cheo chake kuwafungia mlango. Alipostaafu, kiti chake Berlin kilikaliwa na Schrödinger mwaka 1927.

Misiba

Mke wake wa kwanza, Marie, alifariki mwaka 1909. Mwaka 1916 mwanawe Karl alikufa kwa majeraha ya vita huko Verdun. Mwaka 1917 binti yake Grete alifariki baada ya kujifungua. Pacha wake, Emma, aliolewa na mjane huyo ili alee mtoto, na mwaka 1919 naye akafariki vivyo hivyo. Kwa muda wa miaka mitatu baba huyu alizika watoto watatu. Aliendelea kufundisha, akishikilia wajibu kama mtu ashikiliavyo kamba mtoni.

Hitler alipotwaa serikali mwaka 1933, Planck alikuwa rais wa Jumuiya ya Kaiser Wilhelm, iliyosimamia taasisi kubwa za utafiti. Alimwendea Hitler kumtetea mtaalamu wa Kiyahudi Fritz Haber na wenzake, asifanikiwe. Haber alipofariki ugenini, serikali iliwakataza maprofesa wasihudhurie kumbukumbu yake. Planck aliifanya hata hivyo, mwezi Januari 1935. Hata hivyo haki inatutaka tuseme pia kwamba hakusimama kuipinga dhuluma kwa wazi, na wapo waliomlaumu kwamba utiifu wake kwa dola ulipita mpaka.

Mwaka 1944 nyumba yake iliteketezwa na mabomu pamoja na vitabu na maandishi yake yote. Mwaka huo huo mwanawe Erwin alikamatwa kwa kuhusishwa na njama ya kumwua Hitler. Mzee huyo wa miaka 86 aliandika kumwombea mwanawe asinyongwe. Erwin akanyongwa tarehe 23 Januari 1945. Vita vilipokwisha Planck alichukuliwa Göttingen, mji wa babu zake, na huko akafariki tarehe 4 Oktoba 1947. Jumuiya aliyoiongoza sasa huitwa kwa jina lake.

Imani Yake

Tangu mwaka 1920 hadi kufa kwake Planck alikuwa mzee wa kanisa katika mtaa wa Grunewald, Berlin. Si kila alichokiamini kitakachokubaliwa na mtu wa dini, kwani alisita kukubali miujiza. Lakini mwaka 1937 alihutubia watu kwamba dini na sayansi hazigombani, na kwamba zote mbili hupigana na shaka na ushirikina. Kwake, kuwapo kwa kanuni zisizobadilika kulikuwa ishara ya hekima iliyo juu ya akili ya mwanadamu.

Matunda ya Kazi Hiyo

Miezi miwili tu baada ya kufa kwake, Desemba 1947, transista ya kwanza ilifanya kazi huko Marekani. Isingebuniwa bila ya kujua jinsi elektroni zinavyokwenda katika madini kwa kanuni za kwanta. Na simu na kompyuta zote zimejengwa kwa transista. Leza, iliyowashwa mara ya kwanza mwaka 1960, hufanya kazi kwa kwanta za mwanga zinazotoka sawia, nayo leo hutumika hata kutibu macho. Bamba la umeme wa jua lililo juu ya paa hupokea kwanta za mwanga, na kila kwanta yenye ukubwa wa kutosha huiamsha elektroni iende. Taa ndogo za siku hizi hufanya kinyume chake: elektroni hushuka daraja, na nishati yake hutoka ikiwa kwanta moja ya mwanga.

Liko na tunda jingine. Tangu mwaka 1889 kilogramu ilikuwa ni kipande kimoja cha madini kilichofungiwa karibu na Paris, na mawe ya mizani ya dunia nzima yalikirejea hicho. Tarehe 20 Mei 2019 kipande hicho kiliondolewa cheo chake, na kilogramu sasa hupimwa kwa namba ya Planck, ambayo haiibiwi, haichakai, na ni moja katika kila nchi. Yule kijana aliyetamani kanuni zisizotegemea mtu wala mahali alipata hakika alichokitafuta, ingawa kilimjia kwa sura aliyoiogopa.

Basi, ewe mtafutaji, usistaajabu kweli ikikujia kwa njia usiyoipenda, hata kwa mkono wa mtu uliyekuwa ukimpinga. Ipime kwa haki. Na ikithibiti, ipokee. Mwenyezi Mungu atujalie moyo wa namna hiyo.